Fimbo ya Mbali: Majaribio Yanayojiendesha Angani

Hotuba kwa vijana wa kambi ya sayansi, Malindi, Sikukuu ya Jamhuri

Walimu wangu, wazazi mliofika, na nyinyi vijana, hamjambo. Asanteni kwa kunipokea. Najua leo ni Jamhuri, majumbani pilau inangoja, na bado mmekubali kukaa chini ya bati hili lenye joto mnisikilize. Basi nitaanza na siku yenyewe.

Tarehe kama ya leo, Desemba 12 mwaka 1970, saa nane kasoro dakika saba mchana, roketi iliruka kutoka baharini hapo Ngomeni. Wenye asili ya kule wanalijua lile jukwaa la chuma lenye miguu iliyosimama ndani ya maji ya ghuba ya Ungwana. Ni jukwaa la San Marco, mradi wa Waitaliano. Roketi yenyewe ilikuwa ya Marekani, aina ya Scout, na kichwani ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Aliyesimamia mradi wa setilaiti ile upande wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend, naye akaipa jina: Uhuru. Ndivyo ilivyoandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote mpaka leo, kwa Kiswahili, bila kutafsiriwa.

Kwa nini hapa kwetu? Sababu ni mbili. Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo roketi inasukumwa bure. Na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta haikatizi sana maeneo yenye chembe za mnururisho, ambazo zingevuruga vipimo vyake. Vipimo vile vilikuwa vya mionzi ya eksirei, ile ile mnayopigiwa hospitali mkivunjika mkono, ila hii hutoka kwenye nyota.

Eksirei za nyota hazifiki chini. Hewa inazimeza zote. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo huko Marekani, ikapanda juu ya hewa na kurudi. Muda wote ambao vipimo vyake viliweza kuona anga ulikuwa sekunde 350, yaani dakika zisizofika sita. Katika dakika hizo wakagundua nyota inayomwaga eksirei kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia. Sasa fikirini hali ya mwanasayansi huyo: umechungulia mlango kwa dakika sita, ukaona nyumba imejaa, mlango ukafungwa.

Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, na ndiyo iliyouacha mlango wazi. Ilikuwa na vipimo viwili vilivyopeana mgongo, na mwili wake ukijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12. Basi. Kila ikizunguka, inafagia ukanda wa anga. Wakubwa walioko chini wakitaka ifagie ukanda mwingine, wanatuma amri, koili za umeme ndani yake zinashikana na usumaku wa dunia, mhimili unageuka kidogo, kisha inaendelea kuzunguka. Hakuna mtu aliyekuwa kule juu kuelekeza darubini, wala kuandika daftarini. Ilifanya kazi hiyo usiku na mchana hadi Machi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Centaurus X-3, kilikuwa kinapiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Kingine, Cygnus X-1, kiliyumbayumba kwa kasi kiasi kwamba wataalamu waliokuja kuitafuta nyota iliyo jirani yake kwa darubini za kawaida walihitimisha kuwa pale pana shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel.

Nimekaa sana kwenye kuzunguka huko kwa dakika 12 kwa makusudi. Mkisikia mitambo inayojiendesha, najua mnawaza roboti zenye macho na akili bandia. Lakini hapo Ngomeni kilichopelekwa juu ni mwendo mmoja uliofikiriwa vizuri: zunguka, hesabu, tuma. Mtu aliyeuchagua mwendo ule alishafanya kazi ya mikono elfu ya watazamaji kabla roketi haijawashwa.

Wazee wetu wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi kazi yangu ni fundi wa vifaa vya maabara, sijawahi kurusha chochote angani, lakini methali hiyo nimeishi nayo, maana majaribio ya angani yote yana tatizo hilo moja. Nyoka yuko kule, wewe uko huku. Njia iliyopatikana ni kuiacha fimbo pale pale alipo nyoka, ikiwa imeshaambiwa lini ipige, ipige wapi, na isipompata ifanye nini.

Niwaeleze nilivyolielewa jambo hili, na ilikuwa mbali kabisa na mambo ya anga.

Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi, niliwekwa zamu ya usiku katika maabara moja. Kulikuwa na inkubeta, kabati la joto la kukuzia vijidudu, na vijidudu vilikuwa vinakufa bila sababu kujulikana. Nikaambiwa nisome kipimajoto kila dakika 15 niandike, mpaka asubuhi. Saa tisa za usiku nikasinzia juu ya meza. Nilipozinduka ilikuwa saa kumi na nusu. Mistari sita ya daftari ilikuwa mitupu. Nikashika kalamu nijaze namba zinazofanana na za juu yake, maana joto halikuwa limebadilika usiku kucha. Kisha nikaiweka chini. Asubuhi nikamwonyesha mkubwa wangu ile mistari. Aliitazama kwa muda, akaniambia, “Iache hivyo hivyo. Mstari mtupu ni ukweli.”

Wiki iliyofuata akaleta kifaa cha zamani cha kuchora, kalamu ya wino juu ya karatasi inayozunguka. Kikakaa usiku tatu. Asubuhi ya nne tukafungua karatasi: usiku zote tatu, saa kumi na dakika chache, mstari wa joto umepanda kama mlima mwembamba na kushuka. Dakika nane tu. Mtu anayesoma kila dakika 15 angeweza kuukosa hata akiwa macho. Mashine nyingine ya jengo ilikuwa inawashwa saa hizo, umeme ukiyumba. Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Kalamu ile haikuwa na akili yoyote, ila mtu alikuwa amekaa akafikiria kasi ya karatasi, uzito wa kalamu, wino usikauke, na kwa sababu hiyo tukaona kitu ambacho macho yetu yasingekiona.

Sasa twende Mirihi. Mwaka 1976 Wamarekani walitua huko na vyombo viwili, Viking 1 mwezi Julai na Viking 2 Septemba. Kila kimoja kilibeba sanduku la maabara ya viumbe lenye kilo 15 na nusu hivi, na ndani yake vipande vipatavyo 40,000: vali, mabomba, tanuri ndogo, taa, chupa za gesi. Maabara nzima imekunjwa mpaka unaweza kuikumbatia. Habari kutoka Mirihi siku ile Viking 1 ilipotua ilichukua dakika 19 kufika duniani. Ukituma amri dakika hii, jibu utalipata baada ya dakika 38. Huwezi kushika mkono wa mashine kwa namna hiyo. Kwa hiyo kazi ilikuwa imepangwa hatua kwa hatua ndani ya kompyuta yake kabla haijatua.

Na mapema tu mkono wa kuchota udongo ukagoma. Wahandisi wakachunguza wakaona kuna pini ya kufungia mkono wakati wa safari ambayo ilipaswa kudondoka yenyewe, na haikudondoka kwa sababu mkono haukunyooshwa vya kutosha. Wakatuma amri mpya: unyooke zaidi. Kisha wakaomba picha. Kwenye picha, pini imelala juu ya udongo wa Mirihi. Nikiitazama picha ile huwa nafurahi kama fundi. Mashine ilijiendesha, lakini ilikuwa imeachiwa pia mlango wa kurekebishwa, na jicho la kuthibitisha kwamba imerekebishika.

Udongo ukachotwa. Moja kati ya majaribio matatu ya sanduku lile, yote ya kutafuta uhai, lilikuwa la mhandisi Gilbert Levin. Udongo chini ya robo ya kijiko cha chai unawekwa ndani ya kikombe, unadondoshewa tone la maji yenye lishe. Lishe hiyo imetiwa kaboni-14, kaboni yenye mnururisho. Kama mna kiumbe hai, atakula, atatoa pumzi, na pumzi yake itakuwa na mnururisho. Kipimo kinahesabu. Tone likadondoka, na hesabu ikapanda haraka!

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Levin na wenzake walijua, miaka kabla, kwamba hakuna atakayeamini hesabu iliyopanda peke yake. Ndiyo maana sanduku lilifundishwa kuchukua udongo mwingine, kuuchemsha kwa joto la nyuzi 160 kwa saa tatu ili kuua chochote kilicho hai, halafu kudondosha tone lile lile. Udongo uliochemshwa ulinyamaza. Mpaka hapo watu walikuwa wameshika vichwa. Lakini tone la pili lilipoongezwa juu ya udongo wa kwanza, gesi haikuongezeka, ilipungua kidogo. Na kifaa kingine ndani ya Viking, cha kutafuta kemikali zenye kaboni, hakikupata kitu cha maana. Wengi wakahitimisha kwamba ni kemia ya udongo tu. Levin hakukubali mpaka alipofariki mwaka 2021.

Miaka 32 baadaye, mwaka 2008, chombo kingine, Phoenix, kikakuta kwenye udongo wa Mirihi chumvi iitwayo pakloreti. Chumvi hiyo ikipashwa moto huunguza kemikali za kaboni. Na kile kifaa cha Viking kilikuwa kinapasha udongo moto ili kuupima. Huenda kilikuwa kinaunguza kile kile kinachokitafuta.

Vijana, fikirieni hili kwa makini, kwa sababu ndilo lililonileta. Sanduku la Viking halikukosea hata hatua moja. Lilifanya kila lililoambiwa, kwa uaminifu, mamilioni ya kilomita kutoka kwa fundi wa karibu. Kilichokosekana ni swali ambalo mwaka 1976 hakuna mtu aliyejua kuliuliza. Mtu mwenye udongo mezani angejaribu maji matupu, angejaribu chumvi, angeunusa. Sanduku lilikuwa na maswali matatu, likayamaliza. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema mashine zitamwondoa mwanasayansi angani, mwambieni kazi yake imehamia mahali pengine. Imetoka kwenye saa ya jaribio, imekwenda miaka kabla yake. Na huko ni ngumu zaidi, kwa sababu lazima ufikirie peke yako yote ambayo jaribio lingekufundisha likiwa mbele yako.

Kuna mahali angani ambapo watu wapo, nanyi mtaniuliza kwa nini huko nako mitambo inahitajika. Kituo cha kimataifa cha anga za juu hakijawahi kukosa watu tangu Novemba 2000. Kinaruka kilomita 400 hivi juu yetu, kinazunguka dunia kwa dakika 90. Lakini watu wenyewe ni wachache, mara nyingi saba, na kwa siku wanatumia kama saa mbili kwa mazoezi ili mifupa na misuli isidhoofike, wanatengeneza pampu na vyoo, wanalala. Mwaka 2021 NASA iliwatangazia wafanyabiashara kwamba saa moja ya kazi ya mwanaanga itawagharimu dola 130,000. Kwa bei hiyo huwezi kumwita mtu aje kutikisa chupa yako. Zaidi ya hayo, mtu akikimbia kwenye mashine ya mazoezi, kituo kinatikisika, na jaribio linalohitaji utulivu linaharibika. Majaribio mengi huko ni masanduku: mwanaanga anachomeka, anaondoka, na mengine yote yanaendeshwa na kompyuta na watu waliokaa Huntsville kule Alabama au Tsukuba kule Japani. Kuna maabara moja humo ya kupoza atomi karibu na baridi ya mwisho iwezekanayo, imekuwepo tangu 2018, na inaendeshwa kutoka California. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nayo ilisukumwa kutoka upande wa Wajapani wa kituo hicho Mei 11, 2018. Mchemraba wa sentimita kumi kila upande. Pakiti ya unga ya kilo mbili ni kubwa kuliko hiyo.

Sitakaa zaidi hapo. Nataka niwaeleze habari ya Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ulio chini ya milima ya volkano.

Kulikuwa na setilaiti ya Marekani ya kuitazama dunia, Earth Observing-1, iliyorushwa mwaka 2000. Ilikuwa ya kawaida: inaambiwa piga picha hapa, inapiga, inatuma, wataalamu wanatazama siku kadhaa baadaye. Ilipokuwa tayari iko juu, wahandisi wa JPL, maabara ya NASA kule California, wakaipelekea programu mpya kwa redio. Programu hiyo iliiruhusu kutazama picha zake yenyewe. Ikiona sehemu ina joto la lava, inabadilisha ratiba yake bila kuomba ruhusa. Mei 7, 2004 ikapita juu ya mlima Erebus, Antaktika, ambao una ziwa la lava. Ikapiga picha, ikatambua joto, ikafuta kazi nyingine iliyopangiwa, na saa saba hivi baadaye ikarudi kupiga tena. Siku ile hakuna mwanadamu aliyeamua. Mwanadamu alikuwa ameshaamua zamani kwamba moto ukionekana, moto utangulie.

Baadaye ikaunganishwa na setilaiti nyingine na vituo vya ardhini, ili kimoja kikiona dalili kiwaamshe wengine. Mwishoni mwa Novemba 2006 volkano ya Nyamulagira, huko Kivu karibu na Goma, ikalipuka. Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa maana ya lava. Januari 2002 lava ya Nyiragongo, volkano ya jirani, iliingia mjini na kupita katikati ya nyumba. Wataalamu wa volkano waliokuwa kule walitaka kujua vitu viwili: lava inatoka wapi hasa, na inaelekea wapi. Mlima umefunikwa mawingu, na kuukaribia ni hatari. Setilaiti ikaelekezwa, ikapiga, picha zikachambuliwa haraka na kupelekwa kwa wale waliokuwa wanazihitaji. Jaribio lililobuniwa kuona kama chombo kinaweza kujiamulia likawa limefika kwa mama anayeuliza kama afunge virago.

Sasa turudi kwenye meza hii. Mmeliona sanduku. Vijana hawa wamelitengeneza wiki hii kwa ubao wa kreti, na ndani kuna makopo matatu ya maziwa ya unga, pamba, na kunde kumi katika kila kopo. Kopo la kwanza litanyweshwa maji ya bomba. La pili, maji ya kisima cha upande wa Gongoni, yenye munyu, maana wanataka kujua kama wazazi wao wanaweza kupandia maji hayo. Pampu ndogo ya tangi la samaki inasukuma maji kila baada ya saa sita. Simu ya zamani iliyofungwa juu kwa mpira inapiga picha kila dakika kumi, na waya wa chaji umepitishwa kwenye tundu lililozibwa kwa nta.

Jana binti mmoja hapa mbele aliniuliza kopo la tatu ni la nini, maana kunde zake zimechemshwa na kila mtu anajua hazitaota. Sikumjibu, nikitaka asikie kwanza habari ya udongo uliochemshwa Mirihi. Naona anaitikia kwa kichwa. Picha ikionyesha kitu kijani ndani ya kopo la tatu, mtajua ni ukungu, na mtajua kwamba hata kijani cha makopo yale mengine lazima mkitazame mara mbili.

Asubuhi hii tumeisoma orodha ya hatua kwa sauti, mara tatu. Mara ya kwanza tuligundua hakuna aliyeandika pampu ifanye nini umeme ukikatika na kurudi: ianze hesabu upya, au iendelee ilipoishia? Mlibishana karibu saa nzima, na mimi nilikaa kimya kwa raha. Mmeamua iendelee ilipoishia, na iandike saa iliyokatika. Picha itakayokosekana haitajazwa.

Saa yangu inasema saa nane kasoro dakika saba. Mwalimu, tafadhali funga sanduku. Ufunguo ubaki kwako hadi Jumamosi.